Rilei ya DHCP kwenye swichi: fuata giaddr

Ukiona kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, ujue imeitafuta DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, mpaka ikakata tamaa. Kwenye VLAN mpya (kipande cha mtandao kilichotengwa ndani ya swichi), dalili hiyo karibu kila mara inanipeleka kwenye rilei. Ila amri ya rilei yenyewe mara nyingi naikuta sahihi, na kosa liko njiani.

Kifaa kikiwashwa hakina anwani wala hakijui seva iko wapi, kwa hiyo kinapiga mbiu: kinatuma Discover, ombi la kutafuta seva, kutoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, UDP poti 67. Mbiu hiyo inaishia ndani ya VLAN yake. Swichi inayofanya kazi ya ruta haiivushi ng'ambo, na ni vizuri isiivushe, maana mtandao mzima ungejaa kelele. Seva ikiwa VLAN 10 na watumiaji wako VLAN 30, lazima awepo tarishi wa kuipokea mbiu na kuifikisha kwa seva. Tarishi huyo ndiye rilei.

Kwenye swichi za Cisco usanidi ni mfupi hivi:

interface vlan 30
 ip address 10.20.30.1 255.255.255.0
 ip helper-address 10.20.10.5

Mstari wa mwisho unakaa kwenye kiolesura cha VLAN ya watumiaji. Wanaoanza huuweka kwenye VLAN ya seva, kisha wakashangaa mbona kimya. Uweke pale mbiu inapopigwa.

Sasa tuingie kwenye kiini. Kabla ya kupeleka ombi, rilei inajaza sehemu moja ya pakiti inayoitwa giaddr. Sehemu hii ni ya zamani kuliko DHCP yenyewe. Ilikuwamo tayari kwenye BOOTP, itifaki iliyoitangulia, mwaka 1985. Katika mfano wetu itaandikwa 10.20.30.1, anwani ya kiolesura kilichopokea mbiu. Kwa giaddr seva inajua mambo mawili: ichote anwani kutoka fungu gani, na jibu ilirudishe wapi. Kama haina fungu la 10.20.30.0/24, itanyamaza hata kama ina mafungu mengine kumi yaliyo wazi. Na jibu lake linakwenda moja kwa moja 10.20.30.1, kwa hiyo seva lazima iwe na njia ya kufika huko.

Hapo ndipo nilipowahi kupoteza nusu siku. Kutoka kwenye swichi niliipigia seva ping, ikajibu vizuri, nikaamini njia iko salama. Nilipokuja kunasa pakiti kwenye seva yenyewe, nikaona Discover inaingia, Offer (jibu la seva lenye anwani) inatoka, kisha Discover ileile inarudi tena baada ya sekunde chache. Seva ilikuwa inajibu, jibu likipotelea njiani. Ruta iliyo mbele ya seva haikuwa na habari yoyote ya 10.20.30.0/24. Ping yangu ilifaulu kwa sababu swichi ilitumia anwani ya kiolesura cha upande wa seva, ambacho njia yake ilikuwapo. Tangu siku ile napima hivi:

ping 10.20.10.5 source vlan 30

Hii inatoka na anwani ileile itakayokuwa kwenye giaddr. Ikifeli, usiiguse DHCP kwanza, tengeneza njia.

Kukiwa na faiawoli katikati, ruhusu UDP 67 kati ya rilei na seva, pande zote mbili. Halafu usiwasahau watumiaji wenyewe: muda wa kukodi anwani ukifika nusu, kifaa kinaomba kuongezewa kwa kumwandikia seva moja kwa moja, bila kupitia kwa tarishi. Ukifungua njia ya rilei pekee, anwani zitapatikana asubuhi na maombi ya kuongeza muda yatagonga ukuta baadaye.

Kuna mtego mwingine kwa wanaotumia DHCP snooping, ulinzi dhidi ya seva bandia za DHCP, kwenye swichi za chini wanakounganishwa watumiaji. Poti inayopanda kuelekea kwenye rilei lazima iwekwe kuwa ya kuaminika, la sivyo Offer inatupwa mlangoni. Zaidi ya hapo, swichi ya chini huweza kubandika Option 82, taarifa ya poti ambako ombi limetokea, kwenye Discover huku giaddr bado ni 0.0.0.0, na rilei ya Cisco huitilia shaka pakiti ya namna hiyo na kuitupa. Dawa ni kuzima ubandikaji huo kwenye swichi ya chini, au kuiambia rilei iamini kwa amri ya ip dhcp relay information trust-all. Mimi huanza na ya kwanza, isipokuwa kama seva inaitumia kweli Option 82 kutambua poti.

Jambo dogo la mwisho: kwenye Cisco, ip helper-address haibebi DHCP peke yake. Inabeba pia TFTP, DNS, na mbiu za NetBIOS za poti 137 na 138. Hizo poti mbili za NetBIOS nazizima kwa no ip forward-protocol udp, moja moja, ili seva ya DHCP isipokee mizigo isiyoihusu.