Mizingani ni nini? Maana ya jina na majumba yanayotazama bahari

Mzinga ni silaha kubwa ya kufyatulia makombora. Neno ni hilohilo la mzinga wa nyuki. Ongeza -ni, iwe Mizingani, utapata mahali penye mizinga. Ndilo jina la barabara ya pwani ya Mji Mkongwe, Unguja, itokayo Forodhani kuelekea Malindi na bandarini. Mizinga yenyewe ilikuwepo, mbele ya majumba ya masultani, midomo ikielekea baharini.

Mizingani ina nyumba upande mmoja tu; wa pili ni ukuta na maji. Ndani ya mji nyumba zimebanana hata ukitaka kuiona moja yote unagonga mgongo kwenye ukuta wa jirani. Huku pwani majumba yalijengwa yaonekane kwa mbali, na nahodha aliyeingia na kaskazi, kabla hajatia nanga.

Jumba kubwa kuliko yote ni Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Seyyid Barghash bin Said mwaka 1883. Ili kuelewa kwa nini watu waliliita jumba la maajabu, tazama kwanza dari ya nyumba yoyote ya zamani hapa mjini. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na juu zimelazwa boriti za mikoko. Chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti, ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Barghash akaleta nguzo za chuma. Ghafla pakapatikana baraza pana, ghorofa juu ya ghorofa, zikizunguka jumba zima, mtu anakaa kivulini akihesabu majahazi. Baadaye likatiwa umeme na lifti. Halikuwa nyumba ya kulala. Lilikuwa la sherehe na kupokea wageni. Familia ilikaa jirani, Beit al-Sahel, yaani nyumba ya pwani.

Jengo linaloonekana kwa mbali hulengwa kwa mbali pia. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultan Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akakalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari zao zikaanza kupiga. Chini ya saa moja mambo yalikwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Wengi huitaja vita hii kwa ufupi wake, kama kichekesho; mimi siwezi, nikikumbuka idadi hiyo. Beit al-Hukm, jumba lililokuwa kati ya Beit al-Ajaib na Beit al-Sahel, liliharibika lisifae tena. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama palepale, milingoti yake ikabaki ikichomoza majini kwa miaka mingi. Beit al-Ajaib lilibaki wima, na katika matengenezo likatiwa mnara wa saa usoni.

Ukiendelea kuelekea Malindi utapita Mtini, penye mti mkubwa uliopandwa 1911, ambapo mafundi wa vyombo walipenda kufanya kazi kivulini. Mbele kidogo ni jengo ambalo mimi nalipenda kuliko makasri: zahanati ya zamani ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi. Ujenzi ulianza 1887, mwenyewe akafa 1891, na jengo likakamilika 1894. Simama chini ya roshani zake uinue macho: mbao zimetobolewa na kuchongwa kwa subira kama kofia ya viua, na juu yake vioo vya rangi. Kazi yote hiyo kwa ajili ya mahali pa kupokelea dawa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 makasri yalitoka mikononi mwa masultani. Beit al-Sahel ikaja kuwa makumbusho, na Beit al-Ajaib pia. Mji Mkongwe wote ukaingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, Beit al-Ajaib lilibomoka na kuua watu wawili. Kilichoanguka ni upande wa mbele, ule ulioelekea baharini, pamoja na mnara wake wa saa.