Je, wajua kwa nini kijana msomi wa Marekani anaikosa kura hata akiitaka?

Kwa miaka mingi mi niliamini vijana wa vyuo kule Marekani hawapigi kura kwa sababu hawajali, yaani wameshiba, umeme haukatiki, sasa kura ya nini. Na namba zilikuwa zinanipa nguvu: uchaguzi wa 2014, ule wa kuchagua wabunge bila rais, wanafunzi wa vyuo waliopiga kura walikuwa asilimia 19 tu. Mtu yuko chuo kikuu, ana muda wa kusoma na kujadili kila kitu, halafu wanne kati ya watano hawaonekani kituoni. Nikasema basi, hawa uraia hawautaki.

Nilikosea, tena sana. Uchaguzi kama huohuo 2018 ikaruka mpaka asilimia 40, na ule wa rais 2020 ikafika 66. Ni kweli wa rais siku zote huvuta watu wengi zaidi, ila 2014 na 2018 ni za aina moja kabisa na namba imezidi mara mbili, mioyo ya watu haigeuki hivyo ndani ya miaka minne kama tatizo lilikuwa kutojali. Kumbuka pia Februari 2018, baada ya wanafunzi kuuawa kwa risasi shuleni Parkland, Florida, mwezi uliofuata vijana walijaa Washington kuandamana. Na hata nilivyodhani kwamba msomi ndo mbaya zaidi, iko kinyume, kijana aliyefika chuo anapiga kura kuliko mwenzake asiyefika. Pengo lililopo kweli ni la umri: 2020 walipiga asilimia 51 ya wenye miaka 18 mpaka 24, na asilimia 76 ya wenye miaka 65 mpaka 74.

Sehemu kubwa ya maelezo iko kwenye daftari la wapiga kura. Marekani haina daftari moja la taifa, kila jimbo lina lake na sheria zake, North Dakota peke yake ndo haina usajili kabisa, na jina lako linafungwa kwenye anwani unayokaa.

Fikiria harusi. Kamati imesema mlangoni bila kadi huingii, na mwisho wa kuchukua kadi ni siku 30 kabla. Sasa siku 30 kabla nani anaongelea harusi? Shamrashamra zinaanza wiki ya mwisho, sare zimeshonwa, kila mtu mtaani anaiimba, na wewe ndo unapata hamu ya kwenda, unafika kwa kamati unaambiwa daftari lilishafungwa. Halafu ongeza hili, ukihama nyumba kadi uliyonayo ina anwani ya zamani, inabidi uirekebishe upya. Mzee aliyekaa nyumba moja miaka 30 alichukua kadi mara moja tu, basi. Mwanafunzi mwaka wa kwanza yuko hosteli, wa pili kapanga chumba na wenzake, wa tatu kahamia mtaa mwingine, wa nne karudi kwao. Ukiwahesabu watu ukumbini utasema vijana hawapendi harusi.

Jimbo la Texas ndo lina hizo siku 30 kwenye usajili wa kura. Na kuna chuo huko, Prairie View, cha kihistoria cha watu weusi, ambapo wanafunzi walibishiwa kama kweli ni wakazi wa pale, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu na 1979 wakashinda, mwanafunzi ana haki ya kupiga kura anaposoma. Bado Februari 2008 wanafunzi wa pale wakatembea maili 7 hivi kwa miguu kwenda kupiga kura ya mapema, maana kituo kilikuwa mbali na chuo. Jimbo hilohilo leseni ya kubeba bunduki inakubalika kama kitambulisho cha mpiga kura, kadi ya mwanafunzi hapana.

Minnesota wao tangu miaka ya 1970 unajiandikisha palepale kituoni siku ya kura, na kama huna karatasi ya kuonyesha unakaa wapi, mpiga kura wa eneo hilo anaapa kwamba anakujua, mmoja anaweza kuwaapia mpaka watu 8. Kwetu hiyo ni kazi ya mjumbe wa nyumba kumi! Na Minnesota mara nyingi iko kati ya majimbo ya juu kwa watu kujitokeza.

Ila tusiweke yote kwenye daftari. 1993 ilipitishwa sheria ya kujiandikisha ukienda kuchukua leseni ya udereva, majina yakaongezeka, lakini uchaguzi wa rais 1996 waliojitokeza walikuwa wachache kuliko 1992. Kadi unayo na bado unabaki nyumbani, hilo lipo.

Na hapo wasomi vijana nawadai kweli, kwenye uchaguzi wa meya. Chuo Kikuu cha Portland State kilichunguza miji 50, ukiwapanga wapiga kura wa meya kwa umri, yule wa katikati ana miaka 57. Kwa hiyo polisi wa mtaani, basi la kwenda chuo, kama vyumba vya kupanga vijengwe au visijengwe, vinaamuliwa na watu wanaolingana na wazazi wao, mara nyingi kwenye mwaka ambao hakuna uchaguzi wa rais na hakuna mtu aliyepita hosteli kuwaambia kuna kura.