Kasha Zito la Kompyuta Si Lazima Liwe Imara

Wanunuzi wengi wa kompyuta ya mezani hunyanyua kasha dukani wakiamini kwamba lililo zito ndilo imara. Imani hiyo ina msingi: bati nene la chuma lina uzito kuliko jembamba, na halipindi ovyo. Lakini uzito hutoka kwingine pia. Kioo cha ubavuni huongeza kilo bila kuikaza sana fremu, na alumini, ambayo kwa ujazo uleule ina karibu theluthi moja tu ya uzito wa chuma, hutengeneza makasha madhubuti.

Afadhali utumie mikono. Fungua ubavu, shika fremu kwa pembe zinazokabiliana, uisokote taratibu: ikicheza, ni dhaifu. Pitisha kidole kwa uangalifu kwenye kingo, zilizokunjwa hazikati. Liweke kwenye meza iliyonyooka uone kama miguu yote inagusa.

Kisha tazama mbele, sehemu ambayo naona inasahauliwa mno. Uso uliozibwa kwa kioo au plastiki huzinyima feni hewa na joto hubaki ndani, hata kasha likiwa gumu kama jiwe. Tafuta matundu ya kutosha, na chujio la vumbi linalochomoka bila bisibisi.