Windows 98 kwenye netiweki, na kwa nini sikuigusa kompyuta mpya

Kuna karakana moja ya kudarizi huwa naenda kuwatengenezea kompyuta, wanapiga nembo za masweta ya shule, na mashine yao kubwa inaendeshwa na kompyuta ya Windows 98. Kuibadilisha haiwezekani, programu ya mashine na kadi yake ya ndani havijui kitu kingine. Walianza kuhamisha dizaini kwa disketi kutoka kompyuta mpya ya ofisini, disketi zikaadimika wakahamia flashi, sasa Windows 98 flashi haiitambui mpaka uiwekee draiva, ukileta ya aina nyingine inakutolea macho tu. Januari shule zinafungua, oda zimejaa, bosi ananipigia, fundi njoo uziunganishe hizi kompyuta kwa waya yaishe.

Sasa mafundi wengi hapa wanafanya kitu kimoja, wanaenda kwenye kompyuta mpya wanawasha SMB1, ile lugha ya zamani ya Windows ya kushirikishana mafaili kwenye netiweki, ili zisikilizane. Usifanye hivyo jamani. SMB1 ndiyo njia iliyopitiwa na WannaCry, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa, Mei 2017, na kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, mwaka huohuo, ukiweka Windows upya haiji tena na upande wake wa seva. Ukiirudisha umefungulia mlango kompyuta yenye hesabu za ofisi, kisa kompyuta ya nembo.

Mimi nikaweka mtu wa kati, Raspberry Pi, kikompyuta kidogo cha bodi moja kinachotumia Linux. Ina tundu la waya na ina waifai, yaani miguu miwili. Waya unaenda moja kwa moja kwa mzee 98, hauhitaji swichi wala waya wa kukrosi, Pi inajipanga yenyewe. Waifai inaenda ofisini. Kwa mzee nikaweka IP 192.168.50.2, Pi 192.168.50.1, sehemu ya gateway, yaani njia ya kutokea nje, nikaiacha tupu makusudi. Intaneti haina kazi humo, brauza za enzi zile hata kurasa za leo hazifungui.

Kwenye Pi ni Samba, programu inayoifanya Linux ishirikishe folda kwa Windows. Kuanzia 4.11 nayo imezima SMB1, kwa hiyo kwenye smb.conf, faili la mipangilio yake, chini ya [global], unaandika (NT1 ndiyo SMB1 yenyewe):

server min protocol = NT1
lanman auth = yes
ntlm auth = yes
interfaces = lo eth0
bind interfaces only = yes

Mistari miwili ya mwisho usiiruke, ndiyo inayoifungia Samba kwenye waya (eth0) tu, waifai isiione kabisa. Na nmbd, sehemu ya Samba inayojibu majina, iwe inawaka, maana 98 inatafuta jina la seva kwa NetBIOS, mfumo wa zamani wa majina ya netiweki, na inapitia poti 139, hiyo 445 ilikuja na Windows 2000.

Nilipokwama nusu siku ni paswedi. Kila nikigonga folda inaniuliza paswedi ya IPC$ (njia ya ndani ya kuunganisha kwenye seva), naandika, inakataa, naandika tena, inakataa. Kumbe mambo mawili. Kwanza paswedi niliiweka kabla ya kuwasha lanman auth, ule mstari unaoruhusu paswedi za kizamani, na Samba ikiwa imezimwa hiyo haihifadhi paswedi kwa mtindo wa zamani, inabidi uiweke paswedi upya kwa amri ya smbpasswd. Pili 98 haikuulizi jina la mtumiaji, inatuma lile uliloingilia asubuhi ulipowasha, na vijana wa pale wamezoea kubonyeza Esc kwenye kile kidirisha cha jina, ukibonyeza Esc umeingia kama hewa, netiweki haikujui. Nikatengeneza mtumiaji "darizi" kwenye Pi na kwenye 98, jina lilelile paswedi ileile, nikabandika karatasi kwenye skrini USIBONYEZE ESC.

Jina la folda pia lisizidi herufi 12, likizidi 98 hailioni. Mi nimeiita DIZAINI, wameimapu kama drevu F.

Upande wa ofisi dada anayechora anarusha faili kwa WinSCP, programu ya kutumia mafaili isiyohitaji SMB, kwenda folda ileile. Faili za DST, yaani zile za dizaini za kudarizi, ni vikilobaiti tu, ukigeuka imeshafika. Mwanzoni alilalamika kwamba hatua zimeongezeka, siku ya tatu akaacha.

Kabla sijaondoka niliichomoa diski ya mzee, ni IDE, aina ya zamani, nikaichukulia nakala nzima kwa adapta ya USB. Ilikuwa inakwaruza kidogo. Bosi nimemwambia, diski nyingine ya akiba naitafuta.