Kimbunga cha daraja la 2 nacho huua

"Ni daraja la 2 tu, tutabaki." Kauli hii imezoeleka miaka mingi pwani ya Marekani, na imegharimu maisha ya watu. Daraja la kimbunga, kuanzia la 1 hadi la 5, hupima kasi ya upepo peke yake. Halisemi lolote kuhusu maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu, na maji ndiyo huua wengi zaidi. Mwaka 2008 kimbunga Ike kiliipiga Galveston, Texas, kikiwa daraja la 2. Kwenye rasi ya Bolivar, jirani na Galveston, palipokuwa na nyumba zikabaki nguzo tupu mchangani. Kwa hiyo sikiliza amri ya kuhama inayotolewa kwa ukanda (eneo la kuhamishwa) unakoishi. Huna gari? Texas, piga 211, namba ya simu ya msaada, mapema uombe usafiri, maana upepo ukishachachamaa hata waokoaji husubiri utulie.