Kugrepu si kubadilisha

"Grepu faili zote, weka kiungo kipya." Maagizo ya namna hii utayasikia kila panapotunzwa tovuti yenye kurasa nyingi, nayo hayatekelezeki. `grep` ni programu ya kutafuta tu. Unaipa ruwaza ya maandishi, inakuonyesha mistari yenye ruwaza hiyo, iwe katika faili moja au elfu. Ndani ya faili haigusi hata nukta.

Jina lenyewe linasema hivyo. Kabla yake palikuwa na `ed`, kihariri cha mfumo endeshi wa Unix kilichoandikwa na Ken Thompson wa maabara ya utafiti ya Bell Labs. Humo, amri `g/re/p` ilikuwa na sehemu tatu: `g`, pitia faili nzima, `re`, ruwaza unayoitafuta, ambayo waandika programu huiita rejeksi, `p`, chapa mistari iliyopatikana. Kuchapa kwenyewe kulikuwa kwa karatasi na wino, maana watu walizungumza na kompyuta kupitia mashine za teletaipu. Mwaka 1973 amri hiyo ikawa programu inayojitegemea, mikwaju (`/`) ikadondoka, herufi nne zikabaki. Amri ya kubadilisha ndani ya `ed` ilikuwa `s`, na hiyo haimo kati ya herufi hizo nne. Ilirithiwa na `sed`, kazi ya Lee McMahon wa hapo hapo Bell Labs. (Ile s ya kwenye jina `sed` ni nyingine, ya neno la Kiingereza lenye maana ya mkondo. Wakati mwingine Unix hufanya makusudi.)

Mkanganyiko una wazazi wanaojulikana. BBEdit, kihariri cha maandishi cha Mac, ina kisanduku kilichoandikwa "Grep" kwenye dirisha la kutafuta, na InDesign, programu ya kupanga kurasa za kuchapishwa, ina kichupo cha "GREP" tangu toleo la CS3 la 2007. Kote huko unatafuta na kubadilisha. Wao walichukua jina zima wakakusudia `re` ya katikati peke yake, yaani ruwaza.

Tofauti hii ina gharama. Tuseme viungo vya `huduma.htm` vinatakiwa viwe `huduma.html` katika kurasa 300. Anayedhani ni kazi moja hukimbilia `s/huduma.htm/huduma.html/g`, na kurasa zilizokwisha rekebishwa zamani zinapata `huduma.htmll`. Aliyegrepu kwanza angeziona. Ruwaza salama ni `huduma\.htm"`: mkwaju wa nyuma kwa sababu nukta tupu hulingana na herufi yoyote, na alama ya kufunga nukuu ili ruwaza iishie hapo.

`grep -rl --include='*.html' 'huduma\.htm"' .`

Hiyo inatoa majina ya faili zinazohusika, na hakuna kilichobadilika. Ukitaka idadi, usiamini `-c`: inahesabu mistari, na ukurasa uliobanwa wote kwenye mstari mmodi utahesabiwa 1 hata ukiwa na viungo ishirini. Tumia `-o` mahali pa `-l`, itoe kila kiungo kwenye mstari wake, kisha upitishe kwa `wc -l` ihesabu mistari hiyo. Kubadilisha sasa, kwa kila faili iliyotajwa:

`sed -i.bak 's/huduma\.htm"/huduma.html"/g' ukurasa.html`

Bila `g` ya mwisho, kila mstari hubadilishwa mara moja tu. `.bak` huacha nakala ya awali. Iandike ikiwa imegandana na `-i` (inayoandika mabadiliko ndani ya faili yenyewe), maana `sed` ya Mac haikubali `-i` isiyo na kiambishi kama ile ya Linux. `grep` na `sed` zote mbili husoma mstari kwa mstari, kwa hiyo sentensi iliyokatika katikati na kuendelea mstari wa pili hazitaiona. Na usiielekeze `sed` kwenye folda nzima bila kuchuja faili: ikiingia ndani ya `.git`, folda ambamo programu ya Git hutunza historia ya faili zako, inaweza kuharibu hazina yote.

Ukimaliza, rudia ile `grep` ya kwanza, isitoe kitu. Kwa hiyo mwenzako akisema "nimegrepu kurasa zote", mwulize kwa upole kama ameshazibadilisha. Kama anatumia InDesign, msamehe.