Plinko si chemsha bongo

Juzi jioni shemeji yangu alikuwa anatazama kwenye simu kipande cha zamani cha The Price Is Right, kipindi cha zawadi cha runinga ya Marekani. Mama mmoja wa makamo kapanda ngazi hadi juu ya ubao mrefu uliojaa vigingi, mchezo wanaouita Plinko, kashika kisahani bapa, kakilaza kwenye ubao, kakiachia. Kisahani kikawa kinadunda kigingi hadi kigingi, kushoto, kulia, kushoto tena, mwisho kikatumbukia kwenye kijumba kilichoandikwa sifuri. Ukumbi mzima ukaguna. Shemeji akanigeukia: "Wamarekani nao, na chemsha bongo zao hizi!"

Nilinyamaza, kwa sababu chai niliyokuwa nakunywa ilikuwa yake. Lakini neno limenikwama kooni tangu siku hiyo, maana yeye si wa kwanza. Watangazaji wa redio wanalitumia hivyo, waandishi wa kurasa za burudani wanalitumia hivyo, na wanaotafsiri maelezo ya vipindi vya nje ndio vinara. Mtu yeyote akisimama mbele ya kamera na kuondoka na friji, basi kacheza chemsha bongo.

Tumalize maana haraka. Chemsha bongo ni shindano la maswali: yupo anayeuliza, yupo anayejibu, na jibu sahihi lilikuwepo kabla swali halijaulizwa. Anayejua ndiye anayeshinda. Gemu shoo ni jina pana zaidi: mchezo wowote wenye kanuni, unaochezwa na watu wa kawaida mbele ya kamera kwa ajili ya zawadi. Maarifa yanaweza kuwemo, yanaweza yasiwemo. Kila chemsha bongo ya runingani ni gemu shoo, kama vile kila mchicha ni mboga. Sasa nenda sokoni ukaite bamia mchicha, uone muuzaji atakavyokutazama.

Neno lenyewe linajieleza. Aliyelibuni alikuwa na sufuria kichwani: ubongo umeinjikwa, moto unawaka chini, jibu linaiva. Plinko inachemsha nini? Ukishakiachia kile kisahani, hata Einstein hana la kukisaidia. Nikitenda haki, niseme kwamba kabla ya kupanda ngazi mchezaji hupewa kisahani kimoja bure, na vingine vinne huvipata kwa kukisia bei za vitu vidogo vya nyumbani. Hapo kuna kujua kidogo, kujua kwa mtu anayekwenda dukani mwenyewe. Marehemu mama yangu, aliyekuwa anajua bei ya kila kitu kuanzia kiberiti hadi bati, angewaaibisha maprofesa pale. Hata hivyo hakuulizwa swali mtu. Alikisia bei, akapata kisahani, kisahani kikaenda kilikotaka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wenye mchezo walishaumizwa na tofauti hii, na historia yake iko wazi.

Zamani Wamarekani nao walikuwa na jina moja, kwizi. Neno hilo halina ukoo unaoeleweka. Mwishoni mwa karne ya 18 lilimaanisha mtu wa vituko, na ile hadithi ya mwenye ukumbi wa michezo wa Dublin aliyeliandika kwenye kuta za mji mzima usiku mmoja ili ashinde dau ni hadithi tamu isiyo na ushahidi. Tuiache. Kwenye redio kwizi zilishamiri miaka ya 1940. Kipindi cha Take It or Leave It, kilichoanza 1940, kilikuwa na ngazi ya maswali: la kwanza dola 1, halafu 2, 4, 8, 16, 32, hadi 64. Kwenye kila ngazi unaamua: uchukue ulichonacho uondoke, au uendelee na uhatarishe ulichopata. Hadi leo Mmarekani akitaka kusema "hilo ndilo swali lenyewe," husema ni swali la dola 64, ingawa wengi siku hizi wanaongeza masifuri matatu.

Masifuri hayo yaliletwa na televisheni. Juni 1955 kituo cha CBS walianzisha The $64,000 Question, mtindo uleule wa ngazi lakini zawadi ya juu kabisa mara elfu. Mdhamini alikuwa Revlon, wauza vipodozi. Mshindani alichagua somo lake, na maswali yalipopanda alifungiwa kwenye kibanda cha kioo asisikie minong'ono ya ukumbini. Nchi ilipendezwa na watu wasiotarajiwa: Gino Prato, fundi viatu mzaliwa wa Italia, aliyeijua opera kuliko wasomi wake, akafika dola 32,000 akasema inatosha, na Joyce Brothers, mwanasaikolojia, mwanamke aliyejibu maswali ya ndondi hadi akazoa zote 64,000. Hiyo ndiyo chemsha bongo yenyewe. Fundi viatu kakaa kibandani, anajua, na wewe nyumbani unajua kwamba anajua.

Ila baadhi yao walikuwa wamejulishwa.

Twenty-One, kwizi ya kituo kingine, NBC, ilianza 1956. Vibanda viwili, washindani wawili, maswali yenye uzito wa pointi 1 hadi 11 kwa ugumu wake, wa kwanza kufikisha 21 anashinda. Herbert Stempel, mwanafunzi wa New York, alikuwa bingwa wa wiki kadhaa, naye alikuwa anapewa majibu mapema na mtayarishaji, Dan Enright. Si majibu tu. Walimnyoa vibaya makusudi, wakamvisha suti isiyomkaa ili aonekane mnyonge, wakamfundisha hata namna ya kujifuta jasho: kitambaa aguse nacho paji la uso taratibu, asipanguse. Kisha wakampata mtu wa kupendeza macho, Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtoto wa mshairi maarufu. Stempel akaambiwa wakati wake umekwisha.

Desemba 1956 aliulizwa ni filamu gani iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955. Ilikuwa Marty. Stempel aliipenda Marty, alikuwa ameitazama zaidi ya mara moja. Akasimama kibandani na vile vipokea sauti masikioni, mamilioni wanamtazama, akakunja uso kana kwamba anatafuta, akajibu On the Waterfront. Yaani alijua na akalipwa ili asijue. Kwangu hakuna tukio linaloonyesha chemsha bongo ni nini kuliko hili: ukiondoa kujua, kilichobaki ni maigizo.

Van Doren aliondoka na dola 129,000 na umaarufu wa kutosha. Agosti 1958 kipindi kingine, Dotto, kilifutwa ghafla baada ya mshindani wa akiba kuona daftari la mwenzake likiwa na majibu. Vikafuata vingine. Novemba 1959 Van Doren alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akakiri kwamba alishiriki katika udanganyifu. Na mwaka 1960 sheria ya mawasiliano ikarekebishwa, ikawa kosa la jinai kuwahadaa watazamaji katika mashindano ya maarifa, ya ustadi wa akili, au ya bahati.

Rudia kusoma hayo matatu. Maarifa. Ustadi wa akili. Bahati. Wanasheria wa Washington, watu wasio na haja yoyote na burudani, walijua kwamba ni vitu vitatu. Sisi tumevitupa vyote kwenye kapu moja na kuandika juu yake chemsha bongo.

Baada ya aibu hiyo neno kwizi lilianza kunuka. Vituo na wadhamini vikalikimbia, na gemu shoo ndilo likashika. Vipindi vilivyoota miaka ya 1960 na 1970 vilipunguza dau, vikaongeza kelele, milango, magurudumu na watu waliovaa kama karoti. Maarifa yaliondoka yakiwa na aibu, bahati ikaingia inacheka. The Price Is Right ya mtangazaji Bob Barker, iliyoanza 1972, ni mtoto wa zama hizo, na Plinko ilizaliwa humo 1983. Kwa hiyo kuiita chemsha bongo ni kuirudisha kwenye familia ambayo wazee wake walikana undugu hadharani.

Maswali yalirudi, lakini kwa mlango wa nyuma. Merv Griffin, mtu wa televisheni, alikuwa anatafuta wazo la kipindi, akamlalamikia mkewe Julann kwamba baada ya ule udanganyifu hakuna kituo kitakachokubali kwizi. Mkewe akasema: basi wape majibu. Akamtupia namba, 5,280. Griffin akajibu kwa swali: maili moja ina futi ngapi? Hapo ikazaliwa Jeopardy!, Machi 1964, NBC. Dhambi ya Enright ilikuwa kuwapa watu majibu kisirisiri. Griffin akayabandika ubaoni kila mtu aone, na kazi ya mshindani ikawa kulitafuta swali. Nina heshima kubwa kwa huyu mama.

Jina la kipindi nalo lina utamu. Mwanzoni Griffin alikiita What's the Question?, akaambiwa na mkubwa mmoja wa kituo kwamba mchezo unahitaji hatari zaidi, akalichukua neno hilohilo la hatari, jeopardy. Sasa neno hilo la Kiingereza limetoka kwenye Kifaransa cha kale, jeu parti, "mchezo uliogawanywa," yaani hali ya mchezo, kwa mfano wa sataranji, ambapo pande zote mbili zina nafasi sawa. Mchezo ulikuwa umelala ndani ya neno tangu mwanzo, Griffin akaurudisha nyumbani bila kujua. Na hatari ipo kweli: ukikosea, thamani ya swali inakatwa kwenye hesabu yako. Mshindani mmoja, Ken Jennings, alishinda mara 74 mfululizo mwaka 2004, na sijasikia mtu akisema alibahatika.

Sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Kitendawili! Tega! Anayetega analo jibu, anayetegua anachemka, akishindwa anatoa mji. Kanuni, mashindano, zawadi ya kufikirika, na jibu lililokuwepo kabla. Bibi zetu hawakuhitaji mdhamini.

Kuna vipindi vinavyonisumbua, nikubali. Family Feud, iliyoanza 1976, inauliza maswali, tena mengi, lakini jibu linalotakiwa ni lile ambalo watu mia moja walilisema walipoulizwa kabla. Ukiambiwa utaje tunda jekundu, ukataja tunda ambalo ni jekundu kweli ila hakuna kati ya wale mia aliyelikumbuka, unapata alama ya X na honi ya kukuzomea. Anayejua sana anaweza kushindwa na anayejua watu wanavyofikiri. Mimi naiweka nje ya chemsha bongo. Kaka yangu anaiweka ndani. Hatujasuluhishwa.

Na yupo Michael Larson, dereva wa gari la kuuza aiskrimu kutoka Ohio. Mwaka 1984 aliingia Press Your Luck, ambako maswali yanakupa tu haki ya kuzungusha, halafu taa inarukaruka kwenye ubao wa miraba 18 na wewe unabonyeza kitufe kuisimamisha. Baadhi ya miraba ina katuni jekundu linaloyala mapato yako yote. Kila mtu aliamini ni bahati tupu. Larson alikuwa amerekodi vipindi nyumbani, akavitazama polepole hadi akagundua kwamba taa inafuata njia tano tu, akazikariri. Mara ya kwanza alilipata lile katuni, kisha akabonyeza na kubonyeza bila kulipata tena, hadi dola 110,237. CBS wakachunguza kama alidanganya, wakakuta hakuna kanuni aliyoivunja, wakamlipa. Bongo lilichemka kweli, lakini sebuleni kwake, wiki nyingi kabla. Ule ubao haukumuuliza kitu.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili wakaita vyote kamari. Hilo nalo lilishaamuliwa, tena na Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1954, katika kesi ya vipindi vya kugawa zawadi kama Stop the Music. Bahati nasibu inahitaji vitu vitatu: zawadi, bahati, na mchezaji kutoa kitu chake chenye thamani. Msikilizaji aliyekaa nyumbani hakutoa kitu zaidi ya masikio, kwa hiyo haikuwa bahati nasibu. Yule mama wa Plinko hakuja na hela yake. Akipata sifuri, anarudi nyumbani na nauli ileile aliyokuja nayo. Mwenye mkeka wa mechi kumi mfukoni hawezi kusema hivyo.

Kwa hiyo, shemeji, ya Plinko iite gemu. Ikikukwaruza ulimi, sema mchezo wa zawadi, nitakuelewa. Jumapili nitapita, na safari hii nakuja na maandazi yangu mwenyewe ili nipate nguvu ya kusema.